Jinzi ya Gikomba yenye lebo ya Made in Kenya: Ushuru huokoa kazi ya nani?

Jumamosi moja asubuhi niliangukia jinzi safi Gikomba. Nyeusi, haijapauka, zipu iko sawa. Soo nne, baada ya kubishana dakika kumi na msee ambaye alikuwa ameapa kwamba bila soo saba haitoki hapo. Nilipofika keja nikaigeuza ndani nje nianze kuifua, nikaona lebo: Made in Kenya.

Nilicheka peke yangu kama mwehu. Hiyo jinzi kuna uwezekano mkubwa ilishonwa Athi River, pale EPZ, mahali unafika na mathree moja kutoka tao kama jam haijakuamulia. Ikaingia kontena, ikashuka Mombasa, ikavuka bahari hadi Marekani. Mtu huko akainunua mpya, akaidunga mara chache, akaichoka, akaitoa kama msaada. Ikachambuliwa ghalani, ikafungwa kwenye bale, ikarudi Mombasa, ikapanda lori hadi Nairobi. Bale ikafunguliwa alfajiri wasee wakigombania kamera, na mimi nikafika saa tatu kuokota kilichobaki kabla hakijawa fagia.

Kila hatua ya hiyo safari kuna mtu aliyekula kitu. Dada wa cherehani Athi River. Dereva wa lori. Mchambuzi wa nguo majuu. Mwenye kontena, mwenye mkokoteni, mwenye kibanda. Na kila serikali iliyoguswa na hiyo safari ina nafasi ya kuweka mkono katikati na kusema: simama hapo, lipa ushuru.

Kwa hivyo hii stori ya soko huria na ushuru, ambayo ikianza kwenye habari ya saa moja unabadilisha chaneli, ni stori ya nguo uko nayo mwilini saa hii. Ngoja nikuchanue polepole.

Kwanza, nani hulipa?

Wasee wengi hudhani ushuru unalipwa na nchi ya nje. Ukisikia "tumewawekea Wachina ushuru" unaona kama kuna Mchina mahali anatoa doo akilia. Zii. Anayelipa ni yule anayeingiza mzigo hapa kwetu, kabla kontena haijatoka bandarini. Yeye anaisukuma hiyo gharama kwa muuzaji wa jumla, wa jumla anaisukuma kwa mwenye kibanda, mwenye kibanda anakusukumia wewe. Kuna wakati muuzaji wa nje anapunguza bei kidogo asipoteze soko, lakini mara nyingi mzigo mkubwa unashukia mnunuzi.

Chukua hesabu ya Rwanda, kwa sababu wao walifanya kweli kile sisi tuliishia kusema tu. Mwaka wa 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50. Bale ya kawaida ni kilo 45. Kwa ushuru wa zamani unalipa dola 9 kwa bale. Kwa mpya unalipa dola 112.50. Dola wakati huo ilikuwa kama soo moja hapa kwetu, so tunaongea kutoka mia tisa hadi thao kumi na moja na ushee kwa bale moja tu. Tishati ikiwa na gramu 200, ushuru wake unatoka bob nne hadi finje.

Finje ni mchezo kama unanunua tishati ya thao mbili kwa mall. Lakini kama tishati yenyewe inaenda soo, finje ni nusu ya bei. Hapo ndipo ushuru unafanya kazi yake: unaifanya nguo ya nje iwe ghali ili ile ya nyumbani ipate nafasi ya kupumua sokoni. Hiyo ndiyo hoja nzima ya watu wa ushuru, na si hoja ya kijinga. Uliza mzae yeyote wa Kisumu.

Kicomi, Rivatex, Mountex

Kama fathe yako alikulia Kisumu anaijua Kicomi. Wa Eldoret wanajua Rivatex na Raymond. Wa Nanyuki wanajua Mountex. Miaka ya 70 na 80 hivi vilikuwa viwanda vya ukweli, vya king'ora asubuhi na basi za kubeba wafanyikazi wa zamu ya usiku. Pamba ilitoka Nyanza, Busia, Pwani na Meru, ikachambuliwa, ikawa uzi, uzi ukawa kitambaa, kitambaa kikawa uniform uliyochapwa nayo shule ya msingi. Mnyororo wote ulikuwa ndani ya Kenya.

Ulishikiliwa na nini? Ukuta. Ushuru mkubwa, leseni za kuagiza mali kutoka nje, na mitumba ilikuwa imebanwa isiingie kama biashara kubwa. Nguo za nje zilizotumika zilikuwepo kidogo, watu wakiziita kafa Ulaya, yaani mwenye nguo alikufa huko na wewe umerithi. Jina la dharau. Watu walikuwa wanazinunua wakiangalia nyuma.

Lakini usidanganywe na wazae wakianza kusifu enzi zao. Nguo mpya ilikuwa ghali, ya kununuliwa Krismasi. Mkulima wa pamba alikuwa anapeleka mavuno halafu anangoja malipo hadi anasahau. Viwanda kadhaa vilikuwa na mkono wa sirkal ndani, na mnajua hiyo huishia wapi. Ukuta ulilinda kazi, na ukalinda uvivu pia.

Mwanzoni mwa miaka ya 90 ukuta ukaanguka. Benki ya Dunia na IMF zilitaka soko lifunguliwe kama tunataka mikopo, na Kenya ilikuwa imesota. Leseni zikaondolewa, ushuru ukashuka, mitumba ikaingia kwa kontena. Kicomi ikafungwa. Rivatex ikajikokota hadi mwisho wa hiyo dekedi ikaanguka, ikaja kununuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka wa 2007, na Uhuru Kenyatta akaifungua upya 2019 ikiwa na mashine mpya.

Sasa kuna msomi mmoja wa Chuo Kikuu cha Toronto, Garth Frazer, aliyeketi na takwimu za Afrika kutoka 1981 hadi 2000. Utafiti wake ulitoka 2008. Alipata kwamba mitumba inaeleza karibu asilimia 40 ya kuanguka kwa utengenezaji wa nguo Afrika, na karibu nusu ya kazi zilizopotea kwenye hiyo sekta.

Watu wa ushuru wanapenda sana hiyo nusu. Wanasahau kuna nusu nyingine, ambayo haikuuliwa na mitumba. Kwetu unaweza kuona washukiwa wengine bila kutafuta sana: nguo mpya za bei ya chini kutoka Asia, stima ghali, mashine za kizamani, wizi. Kumbuka hiyo nusu ya pili, tutairudia.

Mlango wa Marekani

Mei 2000 Bill Clinton alitia sahihi sheria inaitwa AGOA. Kwa ufupi, nchi za Afrika zilizokubaliwa ziliruhusiwa kuingiza bidhaa nyingi Marekani bila ushuru. Kwa nguo hiyo ni kitu kubwa, kwa sababu Marekani, hao mabingwa wa soko huria, wana ushuru mkali wa nguo kuliko vitu vingi. Suruali ya pamba kwa kawaida inatozwa asilimia 16.6. Tishati ya nailoni na polyester inaweza kufika asilimia 32. Tuseme jinzi inatoka Athi River kwa dola 8. Bila AGOA, aliyeiagiza anaongeza dola 1.33 ya ushuru. Na AGOA, sufuri. Mnunuzi wa maduka makubwa ya huko anaweza kuhamisha oda nzima kutoka nchi moja hadi nyingine kwa sababu ya tofauti ndogo kuliko hiyo.

Basi viwanda vikamiminika Athi River, Mombasa na Ruaraka. Vingi vina wenyewe kutoka Asia. Makumi ya maelfu ya watu wameajiriwa humo, wengi wao wanawake vijana, na nguo za AGOA zikafika zaidi ya dola milioni 300 kwa mwaka. Si kazi tamu. Januari 2003, serikali mpya ya NARC ikiwa na wiki chache tu, wafanyikazi wa EPZ waligoma kwa maelfu kwa sababu ya mshahara na vile walikuwa wanatendewa. Lakini ni kazi yenye payslip, na kuna mtoi ocha anasoma kwa hiyo payslip.

Sasa sikiza hapa vizuri, kwa sababu hii ndiyo sehemu wanasiasa huruka. Hizo jinzi za Athi River hazishonwi na pamba ya Busia. AGOA iliruhusu nchi kama Kenya kushona na kitambaa kutoka popote, na kitambaa kingi kinatoka Asia. Kinaingia EPZ bila ushuru, kinashonwa, kinatoka. Sheria ya EPZ inataka mali iende nje, na ni sehemu ndogo tu, si zaidi ya asilimia 20, inaweza kuuzwa hapa Kenya kwa ruhusa na kwa kulipiwa ushuru. Ndiyo maana jinzi ya Athi River hunifikia mimi baada ya kuzunguka dunia na kuvaliwa na mtu mwingine.

Kwa hivyo kazi ya yule dada inasimama juu ya milango miwili iliyo wazi kwa wakati mmoja: wetu, unaoruhusu kitambaa kiingie, na wa Marekani, unaoruhusu suruali iingie. Funga mmoja tu, cherehani inazima. Tuliona hiyo 2005. Tarehe 1 Januari mwaka huo dunia iliondoa viwango vilivyokuwa vinabana nguo za China na wenzake, na kuna viwanda hapa kwetu vilivyofunga, si kwa sababu Kenya ilikosea kitu, ni vile tu mlango wa mwingine ulifunguliwa zaidi.

Arusha 2016, na vile tulikunja mkia

Machi 2016 marais wa Afrika Mashariki walikaa Arusha wakaamua: mitumba iondolewe polepole ndani ya miaka mitatu. 2019 iwe imeisha. Lengo, kufufua viwanda vya nguo na ngozi. Ushuru ukapandishwa, Rwanda ikipandisha kuliko wote.

Waliolia kwanza, mbali na Gikomba, walikuwa Marekani. Kuna chama cha wafanyabiashara wa nguo zilizotumika huko, kinaitwa SMART. Machi 2017 kilipeleka malalamiko kwa ofisi ya biashara ya serikali yao, kikisema uamuzi wa Arusha unahatarisha kazi kama 40,000 za Marekani. Rudia kusoma hapo. Kazi za Marekani za kukusanya na kuchambua nguo ambazo Wamarekani wenyewe wamezitupa. Na sheria ya AGOA ina kifungu kwamba ukiiweka vizuizi biashara ya Marekani, nafuu yako inaweza kukatwa.

Kenya ilipiga hesabu ikatoka kwenye mpango haraka sana, kiasi kwamba uchunguzi wa Marekani ulipoanzishwa Juni 2017 ulitaja Rwanda, Tanzania na Uganda pekee. Unaweza kuita hiyo uoga. Mimi nikiangalia hesabu nashindwa kulaumu: ulikuwa unaweka zaidi ya dola milioni 300 za Athi River kwenye meza, ili ulinde viwanda vya vitambaa ambavyo vingi tayari vilikuwa maghala. Tanzania na Uganda nazo zikalegeza mapema 2018.

Rwanda ilikataa. Kagame alisema wazi kwamba ni kuchagua, na wao wamechagua. Trump akasimamisha nafuu ya nguo za Rwanda kuanzia mwisho wa Julai 2018. Lakini Rwanda ilikuwa inauza Marekani nguo za kama dola milioni 1.5 pekee kwa mwaka. Ni rahisi kuwa na msimamo kama kitu unapoteza ni kidogo. Hiyo si dharau kwa Rwanda, ni vile tu meza ilikuwa imepangwa.

Na kule Kigali ilikuwaje? Wanyarwanda wanaita mitumba caguwa, kutoka Kiswahili hiki chetu, chagua. Wauzaji wa caguwa walipoteza biashara. Kiwanda kadhaa vya kushona vikapata pumzi, hiyo ni kweli. Lakini nafasi kubwa sokoni ilijazwa na nguo mpya za bei ya chini kutoka China, na magendo ya mitumba kutoka nchi jirani yakawa kazi ya usiku. Serikali ilikuwa imefunga mlango wa mbele, na dirisha la jikoni liko wazi.

Kazi inayoonekana na kazi isiyoonekana

Hapa ndipo huu mjadala hunikera, kwa sababu pande zote mbili huhesabu vile zinataka.

Mwaka wa 2019 Kenya iliingiza mitumba kama tani 185,000. Sensa ya mwaka huo ilituhesabu milioni 47.6. Gawanya: karibu kilo nne za mitumba kwa kila Mkenya, pamoja na mtoto aliyezaliwa jana. Ama uifunge kwa bale za kilo 45, zinapita milioni nne. Hizo bale hazijifungui. Kuna anayezibeba, anayezifungua, mathe anayepiga pasi, fundi anayepunguza, msee wa mkokoteni, mama wa chapo anayewalisha wote, na sasa kuna mbogi nzima ya madem na machali wanaouza "thrift" kwa TikTok na Instagram wakiita kamera "vintage" na kuongeza sifuri moja kwa bei. Respect kwao.

Kazi za Gikomba zimetawanyika. Hazina getini, hazina chama chenye ofisi kubwa, hazina payslip. Zikipotea hakuna kamera ya TV inaenda kupiga picha mlango uliofungwa, kwa sababu hakukuwa na mlango. Kiwanda kikifunguliwa, mheshimiwa anakuja na utepe na makasi. Kwa hivyo ushuru una siasa tamu: kazi unazookoa zinaonekana kwenye picha, kazi unazoua zinapotelea mtaani.

Lakini geuza hiyo shilingi. Soko lilipofunguliwa miaka ya 90, faida ilikuwa finje yako na finje yangu, kidogo kidogo kwa mamilioni ya watu wanaovaa. Hasara ilianguka mahali pamoja. Kisumu ilipoteza Kicomi yote kwa mpigo, na fundi wa mashine mwenye miaka 45 hakuajiriwa kwingine. Ukimwambia "lakini tishati zimekuwa bei ya chini" utakuwa unamtusi. Nenda North Carolina na South Carolina kule Marekani, majimbo yaliyokuwa yamejaa viwanda vya nguo hadi miaka ya 90. Mkataba wa biashara na Mexico na Canada ulipoanza 1994, kisha China ikaingia WTO mwaka wa 2001, viwanda vikafa kimoja kimoja. Mzee wa huko na mzae wa Kicomi wakikutana wangeelewana bila mkalimani.

Hao wa huko ndio walimsikiliza Trump. Aprili 2025 alitangaza ushuru kwa karibu dunia nzima: Kenya asilimia 10, Bangladesh 37, Vietnam 46, Lesotho, nchi ndogo inayoishi kwa kushona jinzi za Wamarekani, asilimia 50. Baadaye ya Lesotho ikashushwa hadi 15, lakini oda zilikuwa zimeshaingiwa na baridi. Hapa kwetu kuna viongozi walioona ni bahati, eti sisi tuko na 10 na wenzetu wamewekewa milima. Sawa, lakini jinzi yetu ya dola 8 iliyokuwa inaingia na sufuri ikawekewa senti 80 juu yake. Na muda wa AGOA wenyewe, ulioongezwa 2015, ulikuwa unafika mwisho Septemba 2025, tarehe ambayo watu wa Athi River waliijua kama vile wewe unajua tarehe ya rento. Kazi za Kenya zilikuwa zinategemea kura za watu ambao hawajui Athi River ni mji ama ni mto.

Nguo za maiti

Kwetu siasa ya mitumba huwaka kila uchaguzi. Juni 2022, Raila Odinga akizindua manifesto yake Nyayo, alisema Wakenya wanavaa nguo za watu waliokufa majuu, akimaanisha tufufue viwanda vyetu. Kafa Ulaya ile ile ya zamani, karibu neno kwa neno. Nia ilikuwa kuongelea kazi za viwandani, lakini Gikomba ilisikia kitu kingine: huyu anakuja kutufungia. Wapinzani wake hawakuhitaji kulala usiku huo. Ikabidi afafanue kwamba hatafunga mitumba.

Na tulishaonja kufungwa. Machi 2020, corona ikiingia, serikali ilisimamisha mitumba hadi Agosti, sababu ikiwa ni afya. Miezi mitano. Kama ushuru na marufuku ndivyo vinaleta viwanda, hapo tungeona dalili. Tulichoona ni bei ya bale zilizobaki kwenye maghala ikipanda, na wauzaji wakikaa nyumbani. Hakuna aliyejenga kiwanda cha vitambaa katika miezi mitano, na ni haki, hakuna mtu mwenye akili angeweka doo yake kwenye marufuku ambayo inaweza kuondolewa wiki ijayo.

Hapo ndipo mimi nimesimama, na unaweza kunipinga. Ukipandisha ushuru wa mitumba peke yake leo, mtu wa tishati ya soo haendi kununua tishati ya Rivatex ya soo sita. Anaenda kununua ile mpya nyepesi kutoka Asia, inayopauka ukiifua mara mbili. Umehamisha kazi kutoka Gikomba hadi Guangzhou na ukajipigia makofi. Ile nusu ya pili ya Frazer bado iko pale pale: stima, pamba, mashine, malipo ya mkulima. Ushuru hauwashi mashine.

Lakini sikubaliani pia na wale wa "acha soko liamue". Soko gani? Hili ambalo Marekani inaweka asilimia 32 kwa tishati na kututishia kwa sababu tumekataa nguo zao kuukuu? Nchi karibu zote zilizo tajiri leo zilijificha nyuma ya ushuru zilipokuwa changa, Marekani ikiwa mbele. Tofauti ni kwamba walikuwa na soko kubwa la ndani na kitu cha kulinda. Sisi tungeanzia mahali mnunuzi tayari yuko na hawezi kukimbilia Gikomba: uniform za shule, za karao, za jeshi, mashuka ya hospitali. Hizo sirkal ndiyo inanunua ama inaamua nani anunue. Ikinunua kutoka kwa viwanda vya hapa, kwa kitambaa cha hapa, na ilipe kwa wakati (hapo ndipo najua mnacheka), mkulima wa Busia anapata sababu ya kupanda pamba tena. Hiyo haihitaji kumgusa mama wa Gikomba, na haimpi mtu wa SMART sababu ya kuandika barua.

Ni polepole, ndiyo. Haina utepe wa kukata mwaka huu.

Jinzi yenyewe nilirudi nayo Gikomba wiki iliyofuata, kiuno kilikuwa kinanimeza. Kuna fundi mmoja, mama wa makamo hivi, cherehani yake iko chini ya mwavuli karibu na mto. Nilimwonyesha lebo nikidhani atashangaa. Hakushangaa. Akaikunjua mezani, na kabla ya kushika kiuno akaingiza vidole kwenye mfuko wa kulia, akavuta kitambaa cha ndani nje, akaangalia mshono kwa muda.

"Kastoma, huu mfuko nilishona miaka minne huko Athi," akaniambia.

Nikamuuliza kama anamaanisha jinzi za aina hii.

"Mfuko tu. Wa kulia. Wa kushoto ulikuwa wa mtu mwingine." Akarudisha mfuko ndani, akachukua chaki, akapima kiuno. "Soo. Kuja saa kumi."